Ndugu wa Zamu

Jumamosi, 7 Machi

Mratibu wa kambi ametugawia madaftari. Jalada lina jua linalocheka, limechorwa mpaka meno. Amesema tuandike humu "mambo mazuri tunayojifunza kwa kuishi na ndugu zetu wenye mahitaji maalumu." Mambo mazuri nitayaandika yakitokea. Kwa sasa naandika yaliyopo.

Tumefika asubuhi, mvua ya kwanza ya masika imeshatutangulia na kuigeuza njia kuwa tope. Kambi yenyewe ni shule ya bweni iliyofungwa: mabweni mawili, jiko, na ukumbi mrefu wa bati. Juu ya mlango wa mbele wametundika kitambaa kimeandikwa SOTE TUNACHEZA. Mlango huo una ngazi, kwa hiyo kaka yangu ameingilia nyuma, kwenye rundo la viti vya plastiki vilivyovunjika miguu. Tutakuwa tunakuja hapa wikendi moja ndiyo, moja hapana, mpaka mvua ziishe: watoto wenye ulemavu pamoja na ndugu zao. Mama aliposikia hayo maneno "pamoja na ndugu zao" aliniangalia kama aliyeniletea zawadi.

Tumepewa fulana. Kaka kapewa ya njano, kifuani imeandikwa NYOTA. Mimi ya bluu, imeandikwa NDUGU. Kaka ana miaka kumi na sita, mimi kumi na nne. Anatumia kiti cha magurudumu. Mkono wake wa kushoto unamtii, wa kulia unajifanyia unavyotaka, na maneno yake hutoka kwa shida, moja moja. Wageni hawamwelewi. Mimi namwelewa. Ananiita Do, maana hicho ndicho kipande cha "mdogo wangu" anachoweza kukitoa bila kuhangaika. Mimi namwita Bosi, kwa sababu yeye hukaa na wengine tunasukuma.

Bosi kaiangalia fulana yake, kaniangalia mimi, kasema, "Nyota. Ya wapi?"

"Ya mchana," nimemwambia. "Ipo ila haionekani."

Kacheka mpaka kiti kikatikisika. Furaha ya leo imeishia hapo.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshaelewa maana ya fulana ya bluu. "Ndugu, leta maji." "Ndugu, futa hapa." "Ndugu wa zamu wako wapi, mbona masufuria hayajaoshwa?" Nilidhani ndugu ni mtu uliyezaliwa naye. Kumbe ni cheo cha kazi. Nyota wamechora, wameimba, wamecheza na maputo. Ndugu tumekula wa mwisho na tumekuta ukoko.

Jioni Mratibu kanishika shavu, akaniambia kwa ile sauti yake laini, "Wewe ni mama mdogo kabisa." Mimi si mama wa mtu. Mama yangu mdogo ninaye, anaishi mbali, ana watoto wake na kelele zake. Nimeenda kuosha masufuria.

Jumapili, 8 Machi

Zamu ya vyoo. Sina la kuandika ambalo hili jua linaweza kulisoma likaendelea kucheka.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Ratiba ya mechi za wasichana shuleni imetoka, zote ni Jumamosi. Mimi ndiye golikipa. Jumamosi hii nitadaka. Zile zinazoangukia kambi atadaka msichana wa darasa la chini yetu, anayefumba macho kila mpira unapokuja.

Jumamosi, 14 Machi

Tumeshinda. Nimedaka penalti kwenye dimbwi la maji. Bosi alikuwa pembeni chini ya mwavuli anapiga kelele mpaka watu wanageuka. Wote walidhani ananishangilia. Alikuwa anawashangilia wapinzani, mshenzi yule, na alijua kwamba ni mimi tu ninayeelewa.

Jumamosi, 21 Machi

Leo kuna jambo zuri. Naliandika haraka kabla halijaharibika.

Kocha wa kambi, kijana mrefu anayetembea na filimbi shingoni hata akienda kula, amekuja na mpira wenye kengele ndani. Wachezaji ni watatu kila upande. Wote wanakaa sakafuni juu ya magodoro membamba, wote wanafungwa vitambaa machoni, na ukumbi mzima unanyamaza. Mpira haurushwi, unaviringishwa. Unausikia unakuja, unajitupa uuzuie, maana ukuta wote nyuma yako ni goli. Hakuna anayekimbia na hakuna anayeona, kwa hiyo mwenye miguu na mwenye macho hana faida yoyote. Nimeutazama mchezo ule na mikono ikaanza kuniwasha. Ni mchezo wa magolikipa watupu.

"Kocha, na mimi nitacheza?"

"Mashindano ni ya Nyota," kasema. Hakusema kwa ubaya. "Ila kazi unayo. Kaka yako hawezi kukaa chini bila kuegemea. Utakaa nyuma yake."

Sasa jambo zuri limeharibika, naendelea.

Nimekaa sakafuni nimetanua miguu, Bosi katikati, mgongo wake kifuani kwangu, mikono yangu imemzunguka kiunoni. Mimi ni mto. Tofauti yangu na mto ni kwamba mto haulishwi ukoko. Mratibu kapita kutukagua, akanifunga na mimi kitambaa ili nisije nikamsaidia kwa macho, akanong'ona, "Mikono yako isiguse mpira, mama mdogo. Hapo ni kama hupo."

Mpira ulikuwa unakuja, nausikia, najua kabisa unaelekea wapi, na mwili wangu wote unataka kwenda, halafu nakumbuka kwamba sipo. Umenipita kando ya goti, kando ya kisigino, hata umenigusa sketi. Msichana mdogo wa upande wa pili ndiye aliyekuwa anatutesa. Haoni tangu kuzaliwa, hivyo kitambaa kwake ni pambo. Dada yake humwita Sikio; dada huyo naye ni wa fulana ya bluu na amevaa miwani mikubwa kuliko uso. Huyo dada mimi namwita Miwani. Alikuwa pembeni anaokota mipira iliyotoka nje na kuifuta tope.

Halafu Bosi akaanza. "Kiti," kasema.

"Umechoka?"

"Kiti."

Kocha kasimamisha mchezo, tumembeba, tumemrudisha kwenye kiti chake cha magurudumu. Akakipiga kile kiti kwa mkono wa kushoto, mishipa ya shingo imemsimama. Haya, tumemshusha sakafuni. Mpira haujazunguka hata kidogo: "Kiti." Tumembeba tena. Kakasirika tena.

"Amua basi," nimemwambia. "Chini au kitini?"

Kaniangalia kama mtu anayemwangalia punguani. Upande wa pili umeshinda kwa sababu wachezaji wetu walichoka kusubiri.

Jumapili, 22 Machi

Kiti, kiti, toka, kiti. Mgongo unaniuma.

Ijumaa, 27 Machi

Timu imeshinda bila mimi Jumamosi iliyopita. Yule anayefumba macho amedaka mipira yote. Nimempongeza. Meno yalikuwa yameumana lakini nimempongeza.

Jumatano, 1 Aprili

Mama anafua hospitalini, mashuka ya wodi nzima, mikono imembabuka kwa dawa. Wikendi tukienda kambini hupata zamu mbili na usingizi wa kueleweka. Nayajua hayo. Nimemngojea mpaka akae.

"Mama, nataka kucheza mpira wa kule kambini. Mechi moja tu, kabla msimu haujaisha."

"Cheza. Nani kakukataza?"

"Nikicheza, nani atamshika Kaka?"

Kaendelea kukunja nguo. Kakunja sketi yangu, kaifumua, kaikunja upya. "Sasa unaniuliza mimi? Si wewe ndiye uko kule?"

"Wanasema sote tunacheza. Wameandika mlangoni. Mimi nacheza nini? Nacheza mto?"

"Mwenzako mwaka huu anamaliza umri wa kambi. Baada ya hapo hana pa kwenda, atakaa hapa anahesabu mabati. Wewe una shule, una timu, una miguu."

Una miguu. Katika nyumba hii kuwa na miguu ni kosa, na adhabu yake ni kuagizwa. Nimemjibu kwamba sikuiomba, nayo akitaka aichukue. Akaniambia nichunge mdomo wangu. Nimesema mdomo pia ninao, ongeza kwenye orodha. Hapo nikafukuzwa sebuleni.

Wakati wote huo Bosi alikuwa kakaa pale pale kati yetu, tunamzungumzia kama kabati. Nikiwa mlangoni nimemsikia anasema, "Kiti."

"Upo kwenye kiti, mwanangu," Mama kamwambia kwa upole. Huo upole mimi sijui unauzwa duka gani.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua imelipiga bati la ukumbi mpaka kengele ya mpira haisikiki. Mchezo umesimamishwa. Nyota wamepelekwa kutazama katuni, na Ndugu tumekalishwa kwenye kile wanachokiita duara letu. Kila mmoja aseme amejifunza nini.

"Nimejifunza upendo," kasema mtoto mmoja ambaye bado anakojoa kitandani.

"Nimejifunza uvumilivu," kasema mwingine. Hayo ndiyo majibu, wote tunayajua, ni kama salamu.

Zamu yangu imefika. "Nimejifunza kusugua sufuria," nimesema. "Unatangulia na majivu."

Miwani kacheka, kajifanya anakohoa. Mratibu kaniinamia. "Hasira ni mzigo, mpenzi. Uweke chini."

"Nikiuweka chini nitaambiwa niufagie."

Nimepewa zamu ya jiko mpaka kesho jioni. Miwani kaja kunisaidia bila kuagizwa. Tumesugua sufuria mbili, halafu kaniambia kwamba yeye anampenda Sikio kuliko mtu yeyote duniani, na kuna siku angependa kumwacha kwenye foleni ya benki na kuondoka zake. Nimemwambia mimi ningemwacha Bosi posta, angalau wangemgongea muhuri. Tumecheka mpaka mpishi akatutoa nje. Hayo ndiyo mafunzo ya duara la kweli.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Hakuna mpira. Bosi kataka kupitishwa mlango wa nyuma mara kwa mara bila sababu. Nimempitisha, nikaloa. Amekuwa anaashiria lile rundo la takataka na kusema neno lake lile lile. Nimemwambia kiti chake hakiwezi kupita kwenye rundo, tope litakula magurudumu. Kanitukana. Matusi huwa yanamtoka vizuri.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua haijakatika wiki nzima. Nimekosa mazoezi. Kesho kambi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea kwa sababu wataeleza wanavyotaka wao.

Mvua ilipumzika mchana na mechi ikachezwa. Mimi nyuma ya Bosi, kitambaa machoni, sipo. Timu zilikuwa sawa na Kocha alishasema bao linalofuata ndilo la mwisho. Mpira ulikuwa kwa Sikio. Yule mtoto haviringishi mpira, anautuma. Nikausikia ukitoka, ukanyooka, kisha ukaanza kukata kuja upande wa kulia, upande ambao mkono wa Bosi hautii. Bosi alijirusha kushoto. Mguu wangu ukaenda wenyewe. Sikuuamuru. Ukanyooka mpaka kwenye kidole na mpira ukajaa kwenye unyayo na kusimama.

Ulikuwa uokoaji mzuri kuliko wowote niliowahi kufanya, na nasema hivyo nikiikumbuka ile penalti.

Filimbi. Kosa. Wamepewa mpira wa bure, wameingiza, tumeshindwa. Watoto wa timu yetu wamelia. Mratibu kaja viatu vinapiga sakafu, kanivua kitambaa yeye mwenyewe.

"Umewanyang'anya watoto mchezo wao," kasema. "Vyote unavyo. Hata hiki kidogo chao unakitaka?"

Nilikuwa nimemkumbatia kaka yangu mwenye ndevu nne, mkubwa wangu kwa miaka miwili, na Mratibu anamwita mtoto. Hapo Bosi akageuza shingo kwa shida, mdomo ukahangaika, na neno likatoka mbele ya ukumbi mzima likasikika.

"Toka."

Watu wote walielewa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuhitaji mkalimani.

Nikatoka. Aliniambia toka, nikasimama nikatoka.

Mto ukitoka, aliyeegemea anaanguka. Nimesikia kishindo kabla sijafika mlangoni. Kichwa chake kilitua ukingoni mwa godoro, nusu godoro nusu saruji. Ukumbi ukapiga yowe. Nilirudi mbio, lakini walikuwa wameshamzunguka na mkono wa mtu ukanisukuma kifuani, pale palipoandikwa NDUGU.

Hana jeraha, ana nundu tu. Mama kapigiwa simu, katoka kazini, kaja na viatu vya mpira vya kufulia. Hakunigombeza. Njia nzima nundu ile ilikuwa inanitazama.

Jumanne, 21 Aprili

Bosi hasemi na mimi. Mimi sisemi naye. Namwogesha, namvalisha, namlisha, kimya. Ni kazi tu.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemwambia Mama siendi tena kambini. Kasema sawa. Nilijiandaa kugombana na hakuna ugomvi. Nimebaki na maneno mdomoni mchana kutwa.

Jumamosi, 2 Mei

Basi la kambi limemchukua Bosi peke yake. Mechi ya shule imeahirishwa, uwanja umejaa maji. Nimelala kitandani natazama bati. Nilitaka Jumamosi yangu, nimepewa, na sijui niiweke wapi. Hilo nalo linaniudhi.

Jumapili, 3 Mei

Basi limemrudisha. Miwani kashuka kunisaidia kumteremsha, na Sikio kashuka nyuma yake kwa kushika begi lake. Bosi kachangamka, fulana ina vumbi kifuani. Mratibu hapendi mtu awe na vumbi, kwa hiyo nimejua kuna kitu.

"Amecheza," kasema Miwani. "Mechi nzima."

"Nani alimshika?"

"Hakuna."

Sikio akadakia. Ana miaka minane na hana subira. "Amekaa kwenye kiti. Kile cha plastiki cha pale nyuma kilichovunjika. Kocha amekata miguu yote kwa msumeno, amekifunga kwenye godoro kwa kamba. Si ndicho alichokuwa anakitaka siku zote?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Anasema kiti, mimi nikamwuliza kiti gani, akasema kibovu. Nikamwambia Kocha." Kisha kasema kwa mshangao wa kweli, "Wewe hukumwuliza kiti gani?"

Nimemwangalia Bosi. Alikuwa anaangalia gurudumu lake.

"Na alikuwa anasema utoke," Sikio kaendelea. "Akae yeye kwenye kiti, wewe utoke ucheze. Kila siku anasema. Toka, Do. Wewe hutoki."

Basi limepiga honi, wameondoka. Tumebaki wawili kibarazani na mvua imeanza tena.

Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba mimi namwelewa. Nimejigamba hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa walimu, kwa madaktari, kwa kila mgeni. Kumbe nilikuwa namalizia sentensi zake na kwenda zangu. Anasema neno moja, mimi naongeza mengine kumi, halafu natekeleza ya kwangu.

Nimemkasirikia Mratibu msimu mzima kwa kunifanya sipo. Na nimemkasirikia Bosi leo kwa sababu ameweza bila mimi. Mechi nzima, bila mtu nyuma. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilitaka kukipiga teke kile kiti ambacho hata sijakiona.

"Ungesema kibovu tangu mwanzo," nimemwambia, nikimsukuma ndani.

"Unge. Uliza," kasema.

Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu ile siku. Kuanzia leo simjibii mtu swali lake. Waulize wenyewe, wasubiri wenyewe.

Ijumaa, 8 Mei

Mwuza duka kaniuliza, "Kaka yako anataka kandambili saizi gani?" Nimetazama dari. Bosi kachukua muda wake wote. Foleni imefika barabarani. Amejibu.

Alhamisi, 14 Mei

Mama kauliza kama nitaenda siku ya kufunga. Nimemwambia naenda kuosha masufuria ya mwisho. Kasema naye ameomba ruhusa kazini, atakuja. Mvua inapungua.

Jumapili, 17 Mei

Siku ya kufunga. Nimepania kuiandika yote leo leo.

Wageni walijaa ukumbini, wazazi mbele, wafadhili mbele zaidi. Mama alivaa nguo yake ya kutokea na kuficha mikono kwenye khanga. Asubuhi kabla ya hapo zilitolewa fulana, zimefuliwa. Mratibu alimwekea Bosi ya njano mapajani. Bosi akaisukuma ikaanguka.

"Ndugu," kasema.

Mratibu kaniangalia mimi. "Anakuita?"

Nimefunga mdomo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko masufuria yote. "Muulize mwenyewe."

Kainama. "Ndugu yako huyu hapa, mpenzi."

"Mimi," kasema Bosi. Kavuta pumzi, kajipanga. "Mimi. Ndugu. Yake."

"Anataka ya bluu," kasema Sikio, aliyekuwa anapita.

"Lakini wewe ni Nyota wetu," kasema Mratibu, na sauti laini ilikuwa inaanza kukwaruza.

"Ya mchana," kasema Bosi.

Nimecheka peke yangu, vibaya, kwa pua. Halafu nimeivua ile fulana ya bluu juu ya blauzi yangu, nikamvalisha, na ya njano nikaiokota nikaivaa mimi. Ilinifika magotini.

"Sasa wageni watajuaje nani ni nani?" kasema Mratibu.

"Watauliza," kasema Kocha. Alikuwa kasimama mlangoni na mpira kwapani. Mmoja wa timu ya Sikio alikuwa ameshikwa na homa, na Kocha kazunguka asubuhi yote akitafuta wa tatu. Kanitazama kifuani, kasoma. "Wewe Nyota. Njoo huku."

Mratibu kafungua mdomo. Kocha kapuliza filimbi, na mimi sijawahi kuipenda filimbi kama ile.

Nimecheza. Naandika tena: nimecheza. Sikio katikati, mimi kulia, kitambaa machoni, viganja sakafuni. Upande wa pili Bosi, kwenye kiti chake kisicho na miguu, wala simwoni, namsikia tu anavyopumua anapojiandaa kutuma. Mpira wa kwanza nimedaka. Wa pili nimedaka. Wamepata bao, tumepata bao. Halafu mvua ikarudi kuaga, ikalitwanga bati, na kengele ikapotea. Kocha kataka kusimamisha. Sikio kapiga kelele kwamba yeye anausikia kwa mikono, sakafu inatetemeka, tuendelee. Tumeendelea. Matokeo sawa, bao la mwisho, mpira kwa Bosi.

Nimelalia viganja. Nilikuwa tayari kwa kona yoyote ya dunia. Hapo nikasikia plastiki inalia, krrak, na sauti yake juu ya mvua.

"Do! Kiti!"

Sikufikiri. Nimeng'oa kitambaa, nimekwenda kwa magoti, mikono mbele, nikipiga kelele kwamba shikeni kichwa, shikeni kichwa. Nilipofika katikati ya ukumbi nikamwona. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, katulia kama bwana harusi, kitambaa machoni, mpira chini ya kiganja cha kushoto. Katabasamu. Kautuma. Umenipita ubavuni taratibu kabisa, ukaenda kugonga ukuta ambao nilitakiwa kuulinda mimi.

Filimbi. Bao.

"Mwizi!" nimemwambia, mbele ya wazazi, mbele ya wafadhili. "Mwongo, mwizi, huna hata aibu. Mimi nakuja kukuokoa!"

"Nani. Kakuita?"

"Wewe!"

"Ukae," kasema, machozi ya kicheko yanalowesha kitambaa. "Golini."

Mratibu kaja mbio. Alikuwa anasema jamani, usimseme hivyo mtoto. Nyuma yake nikamwona Mama kasimama, khanga imeanguka, anakuja. Nikajua leo napigwa mbele ya watu. Kanipita. Kaenda kusimama juu ya Bosi na kumvua kitambaa.

"Umemdanganya mdogo wako?"

Bosi alikuwa bado anacheka.

"Nakuuliza wewe. Umemdanganya mdogo wako kwamba unaanguka?"

"Ndiyo."

"Mwombe radhi."

"Sitaki."

Sijawahi katika maisha yangu kumsikia Mama akimgombeza Bosi. Mgombezwaji wa nyumba ni mimi. Bosi naye alionekana hajawahi kugombezwa, kwa sababu kicheko kilikatika na uso wake ukawa wa mtu aliyepokea kitu kizito mikononi na hataki kukiachia. Mama kaendelea, kidole juu: ukubwa wako wote huo, ndevu unazo, mchezo gani huu wa kipuuzi, na mwenzio roho ilivyomtoka. Kaendelea kwenye basi. Kaendelea kibarazani huku anatafuta ufunguo. Mwishoni kasema asiyeomba radhi ataosha vyombo, na akasukuma kiti chake mpaka kwenye beseni yeye mwenyewe.

Hajaomba. Mimi pia sijamsamehe, na sina haraka. Ile ilikuwa mechi yangu ya kwanza na ya mwisho pale kambini, nilikuwa nimedaka kila kilichokuja, na ameninyima kwa makusudi na kwa ufundi.

Ndugu wa zamu yuko jikoni sasa hivi, fulana ya bluu imelowa mpaka tumboni, anaosha kwa mkono mmoja na kulalamika kwa maneno yote aliyonayo. Ameshavunja kikombe. Kilikuwa changu. Ameniita mara mbili, na mimi nimekaa.